Simu ilale kwa kaka
Vijana wa Kikula, hapa Likasi, wanaoshindwa kuacha picha za ngono huambiwa wafunge na kuomba, nami siwapingi: naamini sala. Lakini tazama saa ya jaribu lenyewe. Ni usiku, umeme umekatika, nyumba nzima imelala, na mwanga pekee chumbani ni wa kioo cha simu chini ya shuka. Hapo kijana yuko peke yake na aibu yake, na aibu hiyo hiyo ndiyo humrudisha kesho. Yakobo, sura ya 5, anawataka waamini waungamiane dhambi na kuombeana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, ibara ya 2354, inaziita picha za ngono kosa zito, na haiwasahau wanaopigwa picha hizo, kwamba utu wao unaumizwa. Basi, wachungaji na mapadri wetu, msimkemee kijana mbele ya kwaya. Mketisheni faraghani, msikilizeni mpaka amalize. Nawe, mdogo wangu, saa tatu usiku mpe kaka yako simu, umwambie kwa nini. Akikuuliza asubuhi umelalaje, mjibu kweli, hata kama ulianguka.