Malenga Asikie Sauti Yake

Umeingia mtindo miongoni mwetu tunaorekodi mashairi vyumbani mwetu, nao sasa unafundishwa kama kanuni: kwamba mghani, kabla ya kufungua kinywa, awashe kompresa, kisha ajisikilize katika hedifoni sauti yake ikiwa tayari imebanwa. Huambiwa kwamba hivyo ndivyo sauti ya studio ipatikanavyo. Naupinga mtindo huu. Unaharibu ghani, na ubaya wake mkubwa ni kwamba unaiharibu kwa utamu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kiswahili chetu cha studio kimelitwika neno moja, kubana, mizigo miwili. Kuna kubana faili, yaani kulipunguzia ukubwa ili lipite kwa wepesi kwenye simu, kama ifanyavyo MP3. Na kuna kubana sauti, yaani kupunguza tofauti iliyopo baina ya sauti kubwa na sauti ndogo. Wengi huchanganya haya mawili, wakadhani aliyekataa la pili amekataa na la kwanza. Shauri langu leo ni hilo la pili tu.

Kompresa huwekewa kizingiti na uwiano. Ukiiwekea uwiano wa 4 kwa 1, kila desibeli 4 zitakazopita juu ya kizingiti zitatoka zikiwa 1. Kisha sauti yote huinuliwa kwa pamoja ili kufidia kilichopunguzwa, na kwa hiyo kilichokuwa chini nacho hupanda. Unong'ono na ukelele hukutana njiani. Kwa msikilizaji aliye ndani ya daladala jambo hili lina faida, wala sibishi. Lakini mghani anayeghani si msikilizaji. Yeye ndiye anayeamua, silabi kwa silabi, wapi ainue na wapi ashushe, na uamuzi huo huufanya kwa sikio. Ukimpa sikio la uongo, umemnyang'anya usukani.

Chukueni mshororo wa mizani 16: 8 za ukwapi, 8 za utao. Baina yao pana pumziko, na pumziko hilo ni sehemu ya shairi kama kina kilivyo sehemu ya shairi. Sasa liingizeni pumziko hilo katika kompresa. Sauti ya mghani inapokoma, mashine huachia, na kila kilicho nyuma huibuka. Chumba changu hapa Bariadi nimekizungushia magodoro ya pamba, maana mkoa wa Simiyu haukupungukiwa pamba. Hata hivyo mabati yapo juu, jogoo wa jirani yupo, na bodaboda hazina ratiba. Bila kompresa, vitu hivi huwa mbali, na pumziko hubaki pumziko. Ndani ya kompresa, kila ninaponyamaza, mtaa mzima huniingia masikioni. Nilisikiliza rekodi zangu za miezi kadhaa nikagundua kwamba nilikuwa nakimbilia utao. Sikuukimbilia kwa sababu maana ilinihimiza. Nilikuwa nauogopa ukimya uliokuwa umejaa feni.

Tena kuna jambo la mwili wenyewe. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alichapisha maelezo ya jambo ambalo sasa linaitwa kwa jina lake: mtu aliyezingirwa na kelele huinua sauti bila kujijua. Kinyume chake nacho ni kweli: mtu anayejisikia kwa nguvu mno hushusha sauti. Basi mtazameni mghani aliyevaa kompresa masikioni. Anaponong'ona, mashine humwinua. Naye hudhani amepaza, hushuka zaidi hadi vina vinapotea pumzini. Anapopaza, mashine humshusha. Naye hudhani hajafika, huongeza nguvu hadi koo linakwaruza. Mtu huyo haghani shairi tena. Anashindana na kisanduku.

Nitasema na kosa langu, maana nisingekuwa na haki ya kuwaonya wenzangu nikilificha. Mjomba wangu wa Itilima alikuwa manju ujanani mwake, wa wale waliosimama uwanjani Bagika na Bagalu wakishindana, bila kipaza sauti, akijua kwa kutazama nyuso za watu kwamba sauti yake imefika au haijafika. Uzeeni alitunga mashairi ya Kiswahili, akaja kwangu Bariadi ili sauti yake ihifadhiwe. Nikaiweka kompresa mlangoni kabisa, kabla sauti haijafika kwenye faili, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nimefundishwa, na kwa kuwa ilinipendeza katika hedifoni. Tulipomaliza nikamsikilizisha. Kwenye kibwagizo cha mwisho akanishika mkono: "Mwanangu, hapa nilishuka. Mbona haijashuka?" Nikamjibu kwamba ndivyo sauti za kitaalamu zilivyo.

Mjomba amekwisha kufariki. Kilichobaki kwangu ni faili hilo, na ndani yake hashuki. Kilichobanwa wakati wa kurekodi hakibanduliki tena kikarudi kilivyokuwa. Ningalirekodi sauti tupu, leo ningaliweza kuibana, nikaiacha, nikaibana upya mara mia, na ile ya asili ikabaki salama. Nilichagua utamu wa dakika arobaini nikapoteza kushuka kwa mzee mmoja ambako hakuna atakayeweza kukurudia.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema kompresa huilinda sauti isipasuke inapopanda ghafla. Ulinzi huo ulikuwa na maana kubwa zama za kanda za sumaku, zilizokuwa na mvumo wake, hivyo fundi alilazimika kurekodi kwa sauti ya juu ili aufunike. Leo kurekodi kwa biti 24 hutoa, kwa hesabu, nafasi ya desibeli zipatazo 144, ambapo biti 16 hutoa 96. Hakuna koo la malenga litakaloijaza nafasi hiyo. Punguza kipimo cha kuingilia, vilele vya sauti vibaki kama desibeli 12 chini ya ukomo, na hutapasuka.

Wa pili atasema kwamba sauti iliyobanwa humpa mghani mchanga ujasiri. Ujasiri wa nini, ikiwa sauti anayojivunia si yake? Siku atakaposimama mbele ya watu, ukumbini au msibani, hatakuwa na kisanduku cha kumwinulia mwisho wa mshororo. Mghani mchanga huhitaji kuzisikia dosari zake mapema, tena akiwa peke yake, mahali ambapo hazimwaibishi.

Wa tatu ana hoja, nami namwachia. Anayeimba juu ya ala nzito aweza kupotewa na silabi zake ndogo, na mbano mwepesi ukamsaidia. Sawa, basi abane njia iendayo hedifoni peke yake, na faili lipokee sauti tupu. Ajue pia kwamba akiipitisha sauti katika programu ya kompyuta ataisikia ikiwa imechelewa: bafa ya sampuli 512 kwa mwendo wa sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 12, na hiyo ni safari ya kwenda tu. Kwa mwenye kupima mizani, hilo si jambo dogo.

Sisi tunaoghani bila ala hatuna hata udhuru huo. Ninachowaomba wenzangu ni kidogo. Zimeni kompresa mnaporekodi. Sikilizeni sauti moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya sauti, si kupitia programu. Kwenye shairi lenye mnong'ono, sogeeni karibu na kipaza sauti. Penye ukelele, rudini nyuma hatua moja, kama walivyofanya waliotutangulia. Rekodi ikiisha, tunzeni faili la asili, kisha nakala yake ibaneni mpendavyo kwa ajili ya simu na daladala.

Na mzee akikuambia kwamba hapa alishuka, usimfundishe utaalamu. Mwambie arudie.