Mashine ya Msasa Isifungwe

Muhula uliopita mashine ya msasa katika karakana yetu ilinichuna vidole viwili. Tangu siku hiyo imefungiwa stoo, na wako wasemao heri iuzwe. Mimi niliyeumia nasema hapana. Kosa halikuwa la mashine.

Sahani yake ilikuwa na msasa uliokwisha makali. Msasa wa namna hiyo hauli ubao, bali huutia joto na kuuchoma. Basi mtu huzidi kukandamiza, na ubao ukiteleza, mkono hufuata. Tena nilishika kipande kifupi, upande ambao sahani hupanda. Upande huo huurusha ubao juu. Upande unaoshuka huubana mezani. Nilikuwa nimefundishwa hayo, nikayapuuza kwa haraka zangu.

Rai yangu ni hii. Msasa ubadilishwe mapema, umeme ukatwe kwanza. Nafasi kati ya meza na sahani isizidi milimita 2. Tai ivuliwe, mikono ya shati ikunjwe, miwani ivaliwe. Nalo vumbi lisivutwe puani: mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walilihesabu vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo.

Wazazi watauliza gharama. Msasa hununuliwa tena, kidole hakinunuliwi. Na tusipoizoea mashine hapa, tutajifunzia kazini, ambako hakuna mwalimu wa kutuzimia umeme. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne