Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Kundi mchanganyiko ni la nani?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka kata ya Murukulazo, wilayani Ngara, juu ya fomu ambayo sikuichukua.

Mwaka 2024 fomu za kugombea uongozi wa vijiji na vitongoji zilitolewa na kurudishwa kati ya tarehe 1 na 7 Novemba. Kwenye ratiba, hizo ni siku saba. Huku kwetu Novemba ni mvua na palizi. Magugu yanashindana na maharage, na mama yuko shambani tangu alfajiri. Nilikuwa nimetia nia ya kugombea uenyekiti wa kijiji. Nilikwisha kukaa miaka mitano kwenye halmashauri ya kijiji, nikazijua kesi za mipaka moja baada ya nyingine, nikamjua kila mjane anayesogezwa polepole atoke kwenye migomba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kazi nilikuwa naijua.

Nilimwambia mume wangu jioni moja baada ya chakula. Hakunikataza. Aliniuliza: ukiitwa usiku kwamba watu wanapigana shambani, utakwenda na nani? Siku za vikao, nani atapalilia? Ni maswali ya haki. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Anatumia vocha yake, analipa bodaboda mwenyewe, na posho huja inapokuja. Mwanamume akishika nafasi hiyo, shamba lake halilali, kwa sababu yuko mke anayelima huku yeye yuko kikaoni. Mwanamke akishika nafasi hiyo hiyo, hana mke nyuma yake. Sijasikia jambo hili likisemwa kwenye semina yoyote niliyohudhuria, nazo nimehudhuria kadhaa, na zote zilitufundisha kujiamini. Kujiamini ninako. Nilichokosa ni mtu wa kushika jembe.

Hata hilo tungelimaliza ndani ya nyumba. Kilichonirudisha nyuma ni mzee mmoja wa chama, mtu ninayemheshimu, aliyefika kwangu siku ya pili. Alikunywa uji, akanisifu, kisha akasema kwa upole: "Mama, nyinyi mna kundi lenu. Hili jingine waachie wenzio." Na kwa kuwa bila kudhaminiwa na chama hakuna anayegombea, neno lake lilikuwa zito kuliko alivyolitamka.

Mheshimiwa, kauli hiyo imetoka kwenye karatasi zetu za kura. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji tunawachagua kwa makundi mawili: kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe. "Wasipungue" ndilo neno la sheria. Vijijini limegeuka kuwa "wasizidi". Kundi mchanganyiko watu wanalisoma kuwa kundi la wanaume, na uenyekiti, ambao haumo katika kundi lolote, nao umehesabiwa huko huko.

Juu hali inafanana. Viti maalumu vya wanawake bungeni vilianza na 15 mwaka 1985, na Bunge lililochaguliwa mwaka 2020 lilikuwa na 113. Lakini Ibara ya 51 ya Katiba inasema Waziri Mkuu atokane na wabunge wa majimbo. Kwenye kata, kamati ya maendeleo inaongozwa na diwani aliyechaguliwa na kata, si wa viti maalumu. Sivibezi viti hivyo. Kundi la wanawake ndilo lililonifundisha kusimama mbele ya mkutano mkuu na kusema bila sauti kutetemeka. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi kwa viti maalumu mwaka 2000, na mwaka 2010 akaenda kuomba kura jimboni Makunduchi. Fikiria kama angepata mzee wa kumwambia abaki kwenye kundi lake, akamsikiliza!

Wanawake wa Ngara wanaovuka daraja la Rusumo wanaingia nchi ambayo mwaka 2008 bunge lake lilikuwa la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Rwanda nako kuna viti vilivyotengewa wanawake. Tofauti ni kwamba vyama viliweka majina ya wanawake hata kwenye orodha za viti vingine.

Kanuni za uchaguzi wa vijiji zinatoka ofisini kwako, na uchaguzi mwingine ni mwaka 2029. Naomba kanuni hizo ziseme kwa maneno ya kawaida, na fomu yenyewe iseme, kwamba kundi mchanganyiko na uenyekiti ni vya mwanamke na mwanamume. Naomba msimamizi wa uchaguzi alitamke hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wazee wa vyama wakiwa wamekaa wanasikia. Kwenye matokeo, pamoja na walioshinda, tuonyeshwe wanawake wangapi walichukua fomu za kila nafasi katika kila kata, maana sisi tulioishia mlangoni hatumo katika hesabu yoyote. Posho ya mwenyekiti iwe na kiwango na tarehe, ili mtu aweze kumlipa kibarua wa kupalilia.

Zaidi ya yote, tarehe za fomu zitangazwe miezi kadhaa kabla, kwenye Redio Kwizera tunayoisikiliza hapa Ngara na kwenye mbao za matangazo za vijiji. Siku saba haziutoshi uamuzi wa mwanamke kugombea. Unapita kwa mume, kwa mama mkwe, kwa wifi, kwenye kikoba, kanisani au msikitini, ndipo unafika kwenye fomu.

Mimi nimeshaanza mazungumzo hayo nyumbani. Mama mkwe amekubali kukaa na wajukuu siku za vikao. Mume wangu safari hii ana swali moja tu: fomu zitatoka lini? Naomba unipe jibu la kumpelekea.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kundi la wanawake,
Kata ya Murukulazo, Ngara