Ukisema 'serikali', unamaanisha gani?

Mtaa ukifurika au moto ukiteketeza nyumba, runinga haikosi sentensi hii: "Tunaomba serikali itusaidie." Nasi wa Huruma tumeisema mara ngapi? Sasa hebu nikuulize, msomaji: serikali gani?

Neno lenyewe ni la Kiajemi, sarkar, msimamizi mkuu wa shughuli, na lilitufikia kupitia Uhindi. Mtaani likawa "sirkal", na wajanja wakalikata vipande viwili: "siri kali". Ni utani, lakini babu zetu waliobeba kipande shingoni wangeuelewa haraka. Kwao serikali ilikuwa moja na mlango wake mmoja. Unabisha, unaomba, unangoja.

Tangu uchaguzi wa Machi 2013 milango ni miwili. Katiba ya 2010 iligawa kazi: polisi ni wa serikali ya kitaifa, na chifu yuko upande huo huo, takataka, majitaka, zahanati na mipango ya majengo ni ya kaunti. Ajabu ni kwamba neno halikubadilika. Ziwe moja au mbili, ni serikali tu. Kinachotofautisha ni kitenzi, "imetusahau" au "zimetusahau". Sisi bado tuko kwa "imetusahau".

Usidhani hii ni sarufi ya darasani. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, jumba la orofa sita liliporomoka hapa Huruma karibu na mto. Watu karibu 50 walikufa. Jumba hilo lilikuwa limeshatajwa kuwa hatari, lakini wapangaji walikuwa bado ndani. Nani alipaswa kuwatoa? Ukijibu "serikali", basi kila afisa ameponyoka: wa kaunti atanyoosha kidole kwa mamlaka ya ujenzi ya kitaifa, na wa kitaifa atakirudisha kaunti.

Vijana wa Juni 2024 hawakusema "tunaomba serikali". Walitaja Mswada wa Fedha, wakataja wabunge mmoja mmoja kwa jina. Wengine walilipa kwa maisha yao. Juni 26 Rais akatangaza hatautia saini.

Kwa hivyo bomba la majitaka likipasuka mbele ya ploti yenu wiki hii, hiyo ni ya kaunti. Chukua picha, andika tarehe, mpelekee MCA wako. Chifu mwachie ya usalama.