Mbio za Sakafuni Huishia Ukingoni, Kwa Hivyo Acheni Kumfukuza Kwotabeki

Wasee, leo nitatukanwa, na nimejiandaa. Bando ninayo ya wiki nzima, kwa hivyo njooni tu.

Juzi niliweka klipu ya Lamar Jackson, yule kwotabeki wa Baltimore Ravens, akiwapita watu wanne kama aliyejipaka mafuta ya nazi. Komenti zikafurika. Na karibu zote, kuanzia Ukunda mpaka Vanga, zilikuwa na dawa moja: "Mwenye mbio mtafutie mwenye mbio mwenzake. Basi."

Hapana, si basi. Hiyo dawa ni sumu, na tunainywa hapa hapa Lunga Lunga. Mwezi jana mdogo wangu, ana miaka 15, alienda majaribio ya timu moja ya mpira ambayo sitaitaja. Wakapangwa mstarini, wakakimbizwa mita 100, kocha kashika simu anahesabu. Aliyefika sekunde 14 na kuendelea, nenda nyumbani. Mpira wenyewe haukuguswa! Sasa huyo mdogo wangu ni beki ambaye mimi, na miaka saba niliyomzidi, sijampita hata mara moja kwenye uwanja wetu. Alirudi na viatu mkononi, akavisukuma chini ya kitanda, na mpaka leo viko hapo.

Kwa hivyo mkiona naandika kuhusu kwotabeki, jueni naandika kuhusu hivyo viatu.

Kwa wale ambao bado wanaona futiboli ya Marekani ni watu wenye helmeti wanaogongana bila sababu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila mchezo unapoanza, ndiye anayeamua uende wapi. Zamani wengi wao kazi ilikuwa kusimama na kutupa. Siku hizi kuna wale ambao wakikosa wa kumtupia, wanaondoka nao wenyewe. Mwaka 2006 Michael Vick alikimbia yadi 1,039 katika msimu mmoja. Mwaka 2019 Lamar akaivunja rekodi hiyo kwa yadi 1,206. Hiyo ni zaidi ya kilomita moja, na kila hatua kuna jitu la kilo mia na kitu linataka kumlaza chini.

Ni noma, nakubali. Sasa nyinyi mnasema dawa ni kumfukuza.

Hebu niwaulize. Wageni wamekuja nyumbani, mmeambiwa mkamate kuku. Mnafanyaje? Anayemfukuza kuku kwa nyuma ni mtoto mdogo. Anaizunguka nyumba mara sita, anaanguka, kuku anasimama kumwangalia. Nyanya yangu hakimbii. Anamweka mmoja kwenye kona ya jikoni, mmoja kwenye ua wa makuti, mmoja karibu na choo, halafu anasema, "Sogeeni polepole." Kuku ana mbio kuwashinda wote. Na kuku analiwa.

Sisi tena ni watu wa mpakani, hili tunalijua zaidi ya wengine. Askari mgeni ndiye anayeikimbiza pikipiki kwenye njia za panya. Mwenyeji anakaa chini ya mwembe pale njia inapotokea barabarani, anakula embe zake, anangoja.

Ukuta mzuri mbele ya kwotabeki mwenye mbio unafanya kazi hivyo hivyo. Kila mtu wa mbele ana mlango wake. Yule wa pembeni kulia kazi yake ya kwanza si kumfikia kwotabeki, ni kuhakikisha hatoki kulia. Akiingiwa na tamaa ya kupigiwa makofi, akapitiliza mpaka nyuma yake, ameacha mlango wazi na mwizi yuko ndani. Wa katikati wanamsukumia ukuta usoni asipate upenyo. Nyuma yao anawekwa mmoja wa kumchunga tu. Akienda kushoto, naye kushoto. Akisimama, naye anasimama. Hamrukii. Anangoja achague upande, ndipo anamkatia njia.

Mniruhusu hesabu kidogo. Niliacha chuo, sikuacha hesabu.

Ferdinand Omanyala ndiye mwenye rekodi ya Afrika ya mita 100: sekunde 9.77, Kasarani, mwaka 2021. Mchukue sasa beki wa sekunde 14, wale wanaorudishwa nyumbani na viatu mkononi. Omanyala anataka kufika kona iliyo mita 20 kutoka aliposimama. Beki wetu amesimama mita 12 kutoka kona hiyo hiyo. Kwa kasi zao za wastani, Omanyala anahitaji kama sekunde 1.95. Beki anahitaji sekunde 1.68. Beki amefika, ameshageuka, anamsubiri Omanyala!

Kumpunguzia mtu kama huyo mbio hamwezi. Kumwongezea safari mnaweza. Na uwanja wenyewe unawasaidia. Upana wa uwanja wa NFL ni yadi 53 na kidogo, kama mita 49. Ukimlazimisha mtu aende pembeni badala ya mbele, mstari utamtoa nje hata usipomgusa. Ule mstari haulipwi mshahara, hauchoki, haudanganyiki. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hakuna aliyewaonyesha NFL.

"Hizo ni stori za kuku, lete mechi." Haya, nawaletea.

Desemba 22, 2018, Lamar akiwa katika msimu wake wa kwanza, Ravens waliwafunga Los Angeles Chargers 22-10. Siku 15 baadaye, Januari 6, 2019, wakakutana tena kwenye mtoano, nyumbani kwa Ravens. Chargers walikuwa na majeruhi kwenye ile safu ya kati ya watu wazito. Wakaamua jambo ambalo si la kawaida: karibu mechi nzima wakapanga mabeki wa nyuma saba, wengine wakasimama pale pale pa wale wazito. Lamar aliangushwa mara saba akiwa bado anatafuta wa kumtupia. Mbio zake zikamletea yadi 54 tu. Chargers 23, Ravens 17.

Nawasikia tayari. "Ahaa! Si waliingiza watu wepesi? Si umejikaanga kwa mafuta yako?" Hoja nzuri, na sitaikwepa. Ndiyo, walikuwa wepesi kuliko wale waliochukua nafasi zao, na wepesi ule ulisaidia. Sijasema mbio ni haramu. Lakini niambieni, kati ya wale saba ni yupi ungeweka pesa yako ashindane na Lamar mita 100? Mimi simwoni. Wepesi uliwawezesha kufika kwenye milango yao. Kilichomtesa Lamar ni kwamba kila alipogeuka, mlango ulikuwa na mtu. Mbio ni jembe. Jembe halijui shamba liko wapi.

Na kuna hii nyingine ambayo mashabiki wa mbio hawapendi kuitaja. Januari 11, 2020. Ravens wametoka kushinda mechi 14 na kupoteza 2 msimu mzima. Wanacheza mtoano na Tennessee Titans. Lamar anakimbia yadi 143. Mia moja arobaini na tatu, wasee, katika mechi moja! Matokeo? Titans 28, Ravens 12.

Alikimbia akachoka kukimbia, na akarudi nyumbani. Mara mbili Ravens walihitaji yadi moja tu ili waendelee na mpira, na mara mbili wakazuiwa. Mara tatu mpira ukawatoka mikononi mwa Lamar ukaenda kwa Titans. Titans hawakujaribu kumfuta. Walimwachia barabara ndefu, wakamfungia geti la nyumbani. Anayehesabu mbio angesema Lamar alishinda siku ile. Ubao wa matokeo ulisema mengine.

Tena msidhani nahubiri kungoja tu. Novemba 2021 Miami Dolphins walikuja na njia nyingine kabisa: wakajazana mbele, wakamvamia Lamar mara kwa mara kabla hajainua kichwa, wakashinda 22-10. Kwa hivyo ama unamngoja mlangoni, ama unamjia kabla hajavaa viatu. Njia zote mbili zinafanya kazi. Ambayo haifanyi kazi ni ile mnayoishabikia kwenye komenti, ya kumfuata mgongoni huku unapiga kelele.

Kama Marekani ni mbali, tukumbuke Singapore, Aprili 2016, fainali ya ragbi ya wachezaji saba. Kenya na Fiji. Fiji hao hao ambao miezi minne baadaye walichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Kuna watu wanaojua kukimbia na mpira kuliko Fiji? Vijana wa marehemu Benjamin Ayimba waliwafunga 30-7. Tunapenda kukumbuka zile 30, tunamkumbuka Collins Injera. Mimi naomba mwangalie ile 7. Fiji, kwenye fainali, waliruhusiwa kugusa chini mara moja tu. Uwanja mpana, watu saba tu wa kuulinda. Pale huwezi kuokolewa na mtu mmoja mwenye mbio. Mnaokolewa na mstari unaosogea pamoja, unaomsukuma mtu pembeni mpaka nafasi inamwishia.

Sasa ninakuja kwa wale wa "Sisi Wakenya ni taifa la mbio, tutaingia NFL bila jasho." Kuna Mkenya aliyeingia. Daniel Adongo, mchezaji wa ragbi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani. Wakamweka safu ya pili ya ulinzi, wale wanaosimama nyuma ya majitu ya mbele. Alisajiliwa katikati ya mwaka, akaonekana uwanjani kwenye mechi ya ligi Desemba. Mwili alikuwa nao tangu siku aliposhuka kwenye ndege. Mbio pia. Sasa hiyo miezi yote kati ya hapo, mnadhani alikuwa anafundishwa kukimbia? Mchezo wenyewe ndio wa kujifunza: kusoma, kusimama pako, kutodanganyika.

Na kutodanganyika ndiyo shughuli, maana kwotabeki mwenye mbio anaishi kwa tamaa yako. Kuna mchezo ambapo wenzake wanamwacha mlinzi mmoja bila kumzuia, makusudi. Kwotabeki anamwonyesha mpira mwenzake kama anampa, huku jicho liko kwa yule mlinzi. Mlinzi akimrukia mwenzake, kwotabeki anabaki na mpira na kupita pale pale alipotoka mlinzi. Ukiwa na mbio na huna subira, wewe ndiye chakula chake. Mbio zako zinakutoa njiani haraka zaidi!

Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na futiboli ya vitambaa, watano kwa watano, ile ambayo hakuna kugongana: unachomoa kitambaa kiunoni mwa mwenye mpira, mchezo umekwisha. Helmeti hazitakiwi, kwa hivyo msiniambie ni mchezo wa matajiri. Sisi hapa tunaucheza jioni kwa vitambaa vya leso kuukuu na mpira wa kuazima. Kuna dogo mmoja hapa mtaani, akishika mpira unaona vumbi tu. Wenye mbio wetu wote wanamfukuza, na wote wanarudi wameinama, mikono magotini. Mdogo wangu anasimama pembeni kama hataki kucheza. Dogo anakuja, anaona upenyo, anaingia. Upenyo ule aliachiwa. Mkono mmoja tu, na leso imetoka.

Huyo ndiye aliyeambiwa arudi nyumbani kwa sababu ya saa ya simu.

Makocha, siwachukii. Mita 100 ni rahisi kupima, nawaelewa. Lakini rahisi kupima si sawa na muhimu. Kama mnatafuta mabeki, pimeni ubeki. Chomekeni fito mbili. Mwenye mbio wenu mpeni mpira na mita 20 za kukimbia. Yule mnayetaka kumfukuza mwekeni mita 12 kutoka hapo, mmwambie jambo moja tu: asipite. Rudieni mara kumi, halafu mhesabu. Itawachukua dakika 15, na saa ya simu mnaweza kuiacha mfukoni.

Na nyinyi wa komenti, maneno tumeyamaliza. Jumamosi baada ya alasiri, uwanja wetu ule ule. Leteni mwenye mbio wenu mkali kuliko wote, atoke Msambweni, atoke Diani, atoke hata Horohoro kama anataka. Leso nitaleta mimi.

Viatu vya chini ya kitanda nitavitoa na kuvifuta vumbi mwenyewe.