Jumamosi Hii, Chukua Sindano

Shule zilipofungwa nilinunua karanga kwa mama mmoja barazani, zimefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu. Nilipoikunjua, upande mmoja ulijaa vema za wino mwekundu. Upande wa pili ulikuwa mweupe, haujaguswa na kalamu.

Huku karatasi nyeupe ikiishia kufungiwa karanga, nyumbani nina bahasha ya mashairi aliyoyaandika babu yangu kwa mkono wake. Zamani yalikuwa kitabu. Alizibana kurasa kwa pini za stepla, na hewa ya chumvi ya pwani ikazila zile pini. Kutu ikatoboa karatasi, kurasa zikaachana, na leo sijui ubeti upi unafuata upi. Uzi wa pamba ungeyaokoa mashairi yale.

Ndiyo maana nakuomba, Jumamosi hii, ujifunze kujalidi kitabu kwa mkono. Nusu saa inatosha. Chukua karatasi nane za A4, au zile karatasi pacha zilizobaki nyeupe katika madaftari ya mwaka jana. Zikunje katikati moja moja, kila kunjo ulikandamize kwa mgongo wa kijiko, kisha uzipachike moja ndani ya nyingine. Hapo una kurasa 32. Jalada liwe manila, nalo likunjwe vivyo hivyo na kuzifunika kwa nje.

Fungua katikati, utoboe matundu matatu kwenye mkunjo kwa msharasi au sindano nene: moja katikati, mengine juu na chini, vidole viwili kutoka ukingoni. Ukiyasogeza ukingoni zaidi karatasi itachanika. Pitisha uzi kwenye kipande cha nta ili usisokoteke. Anza ndani: toka nje kwa tundu la katikati, ingia kwa la juu, shuka kwa ndani hadi la chini ukiliruka la katikati, toka nje, kisha rudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili za uzi zikae huku na huku ya ule mshono mrefu, uzifunge juu yake. Vuta uzi kwa kuufuata mkunjo. Ukiuvuta kwenda juu, utapasua karatasi.

Usikidharau kitabu hicho kwa udogo wake. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi nchini Misri, vilifukuliwa ndani ya mtungi vitabu vya mafunjo vya karne ya 4, vyenye majalada ya ngozi. Karibu kila kimoja ni fungu moja la karatasi lililokunjwa katikati na kushonwa, kama hicho ulichoshika. Na kwetu, Siyu katika kisiwa cha Pate ilisifika kwa waandishi wa Misahafu na kwa mafundi wa ngozi. Kazi hii si ngeni kwetu, tumeiacha tu.

Mwalimu wa shule, mwalimu wa madrasa, mama mwenye mkeka na watoto watano uani: waiteni watoto. Kila mtoto ashone chake. Kisha awaendee wazee, aandike humo wanayoyajua: majina ya samaki, dawa za miti, nani alizaliwa na nani, jinsi bibi anavyopika mkate wa kumimina. Wazee wetu wanaondoka nayo kila siku, na mara nyingi kilichokosekana ni mahali pa kuyaweka.

Nanyi wenye bahasha kama yangu, tafadhali msibandike selotepu. Hugeuka manjano na kuitia karatasi doa lisilotoka. Mikunjo iliyopasuka iungeni kwa ukanda wa karatasi nyembamba na uji mzito wa unga wa ngano, kwa vile gundi hiyo huweza kulainishwa tena kwa maji. Ikikauka, shoneni.

Mashairi ya babu yangu nitayashona Jumamosi hii baada ya adhuhuri. Beti nisizojua mahali pake nitaziweka mwisho, na baada yake nitaacha kurasa nyeupe, maana shangazi bado anakumbuka baadhi kwa moyo.