Kusasisha kicheza muziki cha zamani: Okoa nyimbo zako kwanza

Kicheza muziki kilicholala kabatini Kibaha au Kisarawe kinaweza kuimba tena. Lakini ukikosea kukisasisha, unaweza kupoteza kila kilichomo.

Kinachosasishwa ni fimwea, yaani programu ya ndani inayokiendesha kifaa. Toleo jipya linaweza kuondoa kasoro kama kuganda ganda. Betri iliyochoka halifufui, hata fundi akikuahidi vipi.

Chukua iPod. Apple iliitoa mwaka 2001, na Mei 2022 ikatangaza kwamba inafunga ukurasa wake. Ukiichomeka kwenye kompyuta yenye iTunes, utakutana na vitufe viwili: “Update” na “Restore”. Cha kwanza husasisha na kuacha nyimbo zako. Cha pili hufuta vyote na kuanza upya. Bongo Fleva utaipakua tena, ila kaswida ya madrasa au sauti ya babu aliyefariki utaitoa wapi?

Vile vidogo vya memori kadi visivyo na jina la kampuni ni kesi nyingine. Viwili vinaweza kufanana kwa nje huku ndani vina chipu tofauti, hivyo faili la kuokoteza mtandaoni linaweza kukiua kabisa. Mara nyingi shida wala si fimwea, ni kadi: vingi vya zamani havisomi kadi inayozidi GB 32. Jaribu ndogo zaidi kabla ya kugusa kingine.

Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya kazi, kifaa kinaweza kugoma kuwaka. Ndiyo maana laptopu yenye chaji ya kutosha ni salama kuliko kompyuta ya mezani.

Je, kampuni ikishakitelekeza kifaa ndiyo basi? Si lazima. Rockbox, fimwea ya bure inayoandikwa na watu wa kujitolea tangu 2001, inafanya kazi kwenye baadhi ya iPod na SanDisk Sansa za zamani. Hakikisha tu modeli yako imo kwenye orodha yao.

Hapo ndipo mzani ulipo. Kampuni ikiacha kukihudumia kifaa, mzigo wote wa hatari unabaki kwa mwenye nacho. Kama kinapiga vizuri, kiache kilivyo. Kama kinasumbua, nakili kwanza kila faili kwenye kompyuta, fungua mawili matatu uhakikishe yanasikika, ndipo usasishe.